Mkono wa Mkonge

Lushoto, milimani

Kaka yangu Ramadhani,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Tabora, na kifua cha mama kiwe kimetulia. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia hadi ndani ya blanketi.

Nilikwandikia kwamba nimeacha kukata mkonge Korogwe, nikapanda huku kuwabebea fimbo Wazungu wanaocheza gofu. Sikukwambia kwamba kazi hiyo nayo ilikuwa inanitoka. Katibu wa klabu alisema wabebaji tumezidi, atabakiza wale wanaojua kuupiga mpira, ili wageni kutoka Tanga wapate wa kucheza nao. Wengine tushuke tukarudi mkongeni. Kaka, nikalikumbuka jicho lako lililotobolewa na mwiba wa mkonge, nikaogopa kweli.

Basi nikaanza kujifunza. Kuinua fimbo hadi begani si kazi. Kuishusha ndiko kulikonishinda. Nilikuwa naivuta kwa mkono, chap, kama nakata jani la mkonge, mpira unakimbilia vichakani. Na mkato ule ni wewe uliyenifundisha, kwa hiyo nusu ya lawama ni yako.

Aliyeniokoa ni Shemboza, Mshambaa wa Mlalo anayekata majani hapa klabuni. Kwanza alicheka mpaka akakaa chini, nikamnunia siku nzima. Kesho yake akaja na kipande cha kaniki, akanifunga kiwiko cha kulia ubavuni.

"Anza na kiuno," akaniambia. "Kigeuze, uzito uhamie mguu wa kushoto, mikono itakuja yenyewe. Haraka ya nini? Mpira hauna miguu."

Kila jioni nikawa nafanya hivyo, nimefungwa kama kuku wa sokoni. Wake za wapishi walipita wakisema yule Mnyamwezi kapandwa na mashetani. Niliwaacha waseme.

Jumamosi tukaitwa mmoja mmoja kupimwa. Mpira wa kwanza, ule mkono wa mkonge ukarudi, nikaupeleka kwenye maharage ya watu. Katibu akakunja uso. Wa pili nikavuta pumzi, nikageuza kiuno, fimbo ikashuka bila kuikimbiza. Mpira ukavuka bonde, ukatua kwenye majani mafupi ng'ambo. Katibu akaniangalia, akasema, "Wewe utabaki."

Alhamdulillahi. Nilikwenda nyuma ya banda la mashine nikalia, wala sioni haya kukwambia. Shemboza alinikuta huko, akakaa kando yangu.

Nisalimie shemeji, na watoto wote, na mjomba fundi cherehani, mwambie suruali aliyonishonea bado inadumu. Lakini kabla ya salamu zote hizi, hata kabla hujaketi, nenda kwa mama umwambie sirudi mkongeni. Najua ndilo analolingoja.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi