Hukuwa Umelewa, Mzee Ecodu

MATAYO ECODU
Fundi baiskeli, Rubongi, Tororo

Mwaka umetimia leo, mzee wetu, tangu tulipokulaza kwenye udongo wa Rubongi, na bado kuna neno hatujakwambia.

Watu wa njia iendayo kambi ya jeshi wanakukumbuka kwa rimu. Ulizungusha gurudumu, ukalisikiliza, ukakaza spoku moja tu, nalo likanyooka. Mwenye haraka ulimtania: "Wewe nakimbia, baiskeli bado." Ndugu yako Emong alipofariki, ulichukua watoto wake wanne ukawalisha pamoja na wako, wala hukunung'unika.

Kisha spana ikaanza kukuponyoka. Ulimi ukawa mzito. Jumapili moja ulisoma Zaburi kanisani maneno yakiburutana, wewe mlokole wa miaka ishirini! Ibada haijaisha, habari zikavuma kwamba umerudi kwenye chungu cha ajono, kunyonya pombe ya ulezi kwa mrija. Usomaji ukapewa mtu mwingine.

Atai, mkeo, alikungoja mlangoni akakunusa mdomo. Ukamwambia, "Mama Acom, mimi hapana kunywa. Ulimi tu nakataa." Miezi mitano alikunusa hivyo kila ulipoingia, na miezi mitano alilala chumba cha watoto. Sisi sote tulikuwa upande wake.

Acom, bintiyo, ndiye aliyekupeleka hospitali, Atai akifuata nyuma. Daktari alikuchoma sindano zenye waya mkononi, na mashine ikatoa sauti ya mvua juu ya mabati, ingawa mkono ulikuwa umetulia na mashine ilipaswa kunyamaza. Akaeleza kwamba kila neva hulisha kikundi chake cha nyuzi za misuli. Neva ikifa, jirani yake huzichukua zile nyuzi yatima. Uzeeni hayo humjia kila mtu polepole. Kwako ugonjwa uliziua neva haraka mno, hata zile jirani zikaelemewa, nazo zikafa. Ukacheka kwa shida: "Kama mimi na watoto ya Emong."

Hukutulaumu hata siku moja. Heri ungetukaripia.

Atai alirudi chumbani kwako, akakunywesha uji kwa kijiko. Alipopata ujasiri wa kukuomba msamaha, ulimi ulikuwa umeshakufa kabisa. Ulimtazama tu, muda mrefu, na mpaka leo hajui ulikuwa unamjibu nini. Mvua ikinyesha hutoka nje akasimama uani, akaloa mpaka ikatike. Hawezi kuisikia ikiwa juu ya mabati.

Majirani na waumini mnaosoma hapa, Ecodu hakunywa. Tulikosea sisi.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu: wanao Acom na Arthur; Okia, Selpher, Maggie na Ogwang, watoto wa Emong uliowalea; na mkeo Atai, aliyetaka yaandikwe maneno yake kama alivyoyasema:

"Kila siku mimi nanusa, na kila siku ilikuwa chai tu. Mimi nilijua."