Achinjwe Nguruwe Peke Yake

Kaka Hamala,

Mama hajambo. Yule nguruwe uliyemwacha mdogo sasa anatembea kama mkuu wa polisi. Anakungoja umle Krismasi.

Mimi bado nasomea shahada ya pili ya ushauri wa wanafunzi hapa nyumbani Tonga, mjini Nuku'alofa. Tunafundishwa kunyamaza, jambo ambalo shangazi aliyenilea kule kisiwani Vava'u alishindwa kunifundisha kwa fimbo.

Juzi tulifanya mazoezi wawili wawili: mmoja awe mshauri, mwenzake alete kidonda chake cha kweli. Nikapangiwa mwanafunzi mwenzangu Folau, aliyesoma ile shule mliyokuwa mkipigana nayo mitaani. Akashika taya lake lililopinda.

"Enzi za vita vya shule, jamaa mmoja alinibamiza jiwe kituo cha basi. Nikatema meno. Akanikanyaga huku anaimba wimbo wa shule yao!"

"Naona bado una hasira," nikasema, kama tulivyofundishwa.

"Hasira? We mjinga nini? Nina panga! Anaitwa Hamala, nasikia anarudi Krismasi. Akishuka tu kwenye ndege, namchinja mbele ya mama yake!" Akaipiga meza ngumi, ubao ukapasuka, mkono ukachuruzika damu. "Unamjua?"

"Naona ni muhimu sana kwako kumpata."

Mwalimu akanisifu kwa utulivu. Folau hajui kuwa tumezaliwa tumbo moja.

Kanuni yetu ni kwamba ya chumba cha ushauri hayatoki nje, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Mimi ni mwanafunzi mtiifu. Kaka, baki huko huko Auckland. Krismasi hii achinjwe nguruwe peke yake.

Mdogo wako anayejifunza kunyamaza,
Lisiate