Maji Yasiyonuka

Jumatatu, 1 Desemba 2025
Mvua imekatika, ndipo Mama Viola amekumbuka ana swimming pool nyuma ya nyumba. Tangu Machi imefunikwa na turubai, na turubai lenyewe limetoboka. Vyura, majani ya mkaratusi, sandali moja ya mtoto. Maji yamekuwa mrenda mtupu, kijani na utelezi. Anataka iwe tayari Jumapili, ati kanisa lake litabatiza watu kumi na wanne. Kazi hii ya kusafisha pool nimeifanya miaka sita, lakini bado amemtuma Kiptum wa bustani anisimamie. Kiptum hajui hata pampu inawashiwa wapi!

Jumanne, 2 Desemba
Brashi, brashi, brashi. Mgongo. Vyura nawatoa, wanarudi.

Jumatano, 3 Desemba
Jua lilipopungua nimetia klorini ya nguvu. Nimewaambia wote: mtu asiguse maji mpaka nipime. Kiptum amekubali kwa kichwa, macho yakiwa kwa simu.

Alhamisi, 4 Desemba
Mama yangu amenipigia kutoka nyumbani kwao Chwele. Jicho alilofanyiwa upasuaji wiki tatu zilizopita linaendelea vizuri. Daktari amekataza hata povu la sabuni lisiingie. Halafu akauliza maji yangu yamefika wapi. Tangu lini Mama akajali swimming pool?

Jumamosi, 6 Desemba
Nimepima mara mbili. Kichupa cha kupimia kimetoa njano hafifu, ndiyo inayotakiwa. Vigae vya chini unavihesabu ukiwa umesimama ukingoni. Nimejisikia vizuri, kwa nini nikatae.
Mama Viola akainama, akanusa. Hayanuki dawa, akasema, yatakuwaje safi? Nikamweleza kwamba maji safi hayanuki. Akasema yeye amelelewa kujua kisichonuka Jik hakijaoshwa. Nikamjibu kwa heshima, nikarudi kwangu Tuwan nikidhani yameisha.

Jumapili, 7 Desemba
Harufu imenipokea getini.
Nikakimbia kupima. Kichupa: rangi ya machungwa, halafu kahawia. Kiptum akakiri. Jana nilipoondoka, Mama Viola alimwagiza amwage ndoo yote iliyobaki, ndio wageni wasikie usafi. Ndoo nzima! Na mimi ndiye wa kusimamiwa.
Nimemwendea mchungaji. Nikamwambia maji haya yatachoma macho na ngozi, wangoje siku mbili. Akanitazama kwa huruma. Imani, dada. Mama Viola naye: si wewe mwenyewe ulisema jana ni safi? Jana. Maneno yangu mwenyewe yamegeuzwa shahidi wake.
Hapo nikaona mstari wa kanzu nyeupe. Wa kwanza, kwa ajili ya umri wake, ni Mama yangu. Hakuniambia. Alijua ningeuliza ule ubatizo wa utotoni una kasoro gani. Nikamshika mkono, nikamkumbusha jicho. Akasema atafumba.
Atafumba.
Nimejifungia kwenye kibanda cha pampu, naandika kwenye daftari la vipimo. Valvu ya kumwaga nimeifungua yote. Maji yanaenda kwa sukuma wiki za Mama Viola, na sukuma zitakufa, na hiyo pia nitaulizwa mimi. Kupitia tundu la dirisha naona ngazi ya kwanza imekauka. Kiptum amebisha mlango, ameambiwa aniambie sina kazi. Nimemjibu asante. Wao wako wimbo wa tatu.
Sasa anabisha Mama. Polepole. Angekuwa na hasira ingekuwa rahisi. Anasema tawi la kanisa hili huko Chwele lilikuwa limempangia abatizwe mtoni, akakataa. Amepanda gari asubuhi yote kuja huku kwa sababu maji ya hapa yanasafishwa na mtoto wake.
Nelima, anasema, si ufungue. Nilitaka maji yako.
Ngazi ya pili imetokea. Mkono wangu uko kwenye valvu. Bado anabisha.