Maksai mwekundu na sanduku la santuri

Lodwar, Jumamosi, 1974

Na bado linakoroma. Sanduku refu kama jeneza la mkubwa, spika mbili, mahali pa santuri juu, na sauti ni ya mzee mwenye kikohozi. Betri linazila kuliko fisi. Karedio kangu ka zamani kalisema vizuri tu, mimi nikakadharau.

Kulipata nilimpeleka maksai wangu mwekundu kwa mchinjaji. Maksai huyo ndiye aliyenipa jina, maana kwetu mwanamume huitwa kwa maksai wake. Watu wote huniita Apaloreng, baba wa yule mwekundu.

Leo rika langu Ekai amekuja kutoka Kakuma, akanisalimu Kiturkana.

"Ejok, Apaloreng! Lakini mwekundu si ameliwa? Sasa tukuite baba wa sanduku?"

Mke wangu akacheka mpaka akamwaga chai.

"Niite hivyo," nikamjibu. "Sanduku halinyi mlangoni."

Tukacheka. Kisha Ekai akasimama, akainua mikono kama pembe, akamwimbia maksai wake vile tunavyofanya tukikutana. Zamu yangu ikafika. Nikainua mikono. Nikafungua mdomo. Utamwimbiaje ng'ombe uliyemuuza awe nyama?

Nikashusha mikono, nikajidai bega linauma.

"Basi washa hilo likuimbie," akasema Ekai, pole pole.

Nikawasha. Likakoroma, likanyamaza.

Ningekuwa na haya ningelitupa mtoni Turkwel. Lakini ni zito, na mgongo wangu...

Jioni akiaga, Ekai alinishika mkono akasema, "Haya, mzee, kwaheri."

Mzee. Si Apaloreng. Tumechunga mbuzi pamoja tangu utoto, hajaniita hivyo hata siku moja.