Shokapu za Mama Kulwa

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi kushusha wagonjwa kutoka wodini kwenda mionzi, mchana kuwapandisha. Kazi ile ile. Shokapu za nyuma za kigari zimekufa, zinavuja mafuta, kila mtaro unaokatiza njia ni chuma kwa chuma. Hiki kigari cha gofu hospitali ilipewa na hoteli moja ya ufukweni walipokichoka. Kilizoea majani. Huku kwetu ni kilima, mawe na saruji iliyopasuka.
Abiria wa mwisho alikuwa mke wangu, Mama Kulwa. Kansa imeingia kwenye uti wa mgongo. Kwenye mtaro wa pili alipiga yowe, watu wakageuka. Dereva ni mimi. Nimejisikia kama nimempiga.

Jumanne, 4 Machi
Mama Kulwa amegoma. Hashuki tena na kile kigari. Kwa miguu hawezi, na kitanda cha magurudumu kwenye njia ile ni balaa zaidi. Daktari alishasema: akikatisha mionzi, miguu itapooza na maumivu hayatashikika.
Bosi wa karakana kaniambia nichague shokapu mwenyewe. Basi ni shokapu. Sina lingine la kumfanyia.

Alhamisi, 6 Machi
Igoma, gereji ya fundi Masalu. Za kigari cha gofu hakuna Mwanza nzima, na za kuagiza zitafika lini? Ana za pikipiki na za bajaji. Ya pikipiki laini, inalala ukiibonyeza kwa mkono. Ya bajaji ngumu, springi nene.
Akauliza, unambeba nani? Mke wangu. Ana kilo ngapi? Nikamwambia themanini na kitu, binti wa Kisukuma yule, usicheze. Tukacheka. Akasema basi chukua za bajaji, hizi laini zitalala chini kabisa zigonge. Nikaona mtu ana akili.

Ijumaa, 7 Machi
Nimezifunga. Nimewapakia wahudumu wanne wa kiume, wamebanana, nikapita mitaro yote. Kigari kinaelea! Nimefurahi mpaka nikapiga honi, nesi akanifokea.
Jioni nimemweleza Mama Kulwa. Amekubali kushuka Jumatatu. Ameniamini.

Jumatatu, 10 Machi
Bora zile mbovu.
Nilimkalisha peke yake nyuma, na mito. Mtaro wa kwanza kigari kikaruka kama mbuzi. Safari hii hakupiga yowe. Alinikamata shati kwa nyuma, akajikojolea. Tuliporudi wodini akageukia ukutani.


Jumanne, 11 Machi
Nimemfuata Masalu na hasira zangu zote. Nimemwita tapeli mbele za wateja. Aliendelea kufungua nati mpaka nikamaliza. Kisha akasema, shokapu ngumu hailali mpaka ipate uzito. Mzee wangu, huyo mgonjwa umempima lini?
Nikarudi wodini. Nikamnyanyua mwenyewe, nikamsimamisha kwenye mzani wa nesi huku nimemshika vidole tu. Kilo thelathini na nane.
Kila siku ninayembeba kumweka kwenye kiti ni mimi. Mikono ilijua. Kichwa ndicho kilichokataa. Nilimnunulia shokapu mwanamke niliyemuoa.

Jumatano, 12 Machi
Za pikipiki ni fupi, hazifiki. Masalu kahangaika nazo asubuhi nzima, na matusi yangu ya jana hakuyataja. Mwisho akasema, kama mzigo haupo, uweke.
Nimeshuka ziwani, nimejaza mchanga viroba viwili, nikavipanga kwenye kiti cha nyuma. Kigari kikakaa chini.
Mama Kulwa akavitazama. "Baba Kulwa, huyu nani?"
Nikasema ni mchanga, wa kukilaza kigari.
"Sema tu umeoa. Tena mnene!"
Akacheka. Lo, tangu Krismasi sijamsikia akicheka. Tukashuka polepole. Mtaro wa kwanza, kimya. Wa pili aliguna tu.

Jumapili, 23 Machi
Wiki nzima hakukosa mionzi hata siku moja. Amri yake: mke mwenza apakiwe kwanza. Wodi nzima wanajua, wanamsalimia mke mwenza.
Ila Ijumaa kigari kilianza kurukaruka tena. Nimeongeza kiroba. Yeye anapungua, mimi naongeza mchanga. Nalichukia lile beleshi.

Alhamisi, 27 Machi
Amefariki alfajiri. Jana yake vidole vya miguu vilikuwa bado vinacheza, alinionyesha.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimerudi kazini. Tulimzika kwao, Magu. Mvua ilinyesha sana.
Kigari nimekikuta kama nilivyokiacha, viroba vimekaa kwenye kiti. Bosi amekuja taratibu, amenishika bega, kasema kuna wagonjwa wanne wa kushusha, nafasi inahitajika. Nikasema sawa.
Nimevishusha kimoja kimoja. Nimeurudisha mchanga ziwani. Kiroba cha mwisho kilipotoka, kigari kilipanda juu, kikasimama vilevile kama siku nilipozifunga shokapu.
Nimekiendesha kitupu mpaka wodini. Kimenirusha njia nzima. Wagonjwa walikuwa tayari, nikawapakia.