Shingo ya Chupa ya Mama

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zetu za hapa Chemba. Tu wazima, na yule mbuzi mkorofi amezaa mapacha.

Umeniuliza kama chupa uliyoifukua kando ya reli ni ya enzi ya Mjerumani, na kama uisugue kabla mnunuzi hajaiona. Usiisugue, mwanangu.

Nilipokuwa msichana, wajenzi wa reli ya Mjerumani walimpa mama yangu chupa tupu. Aliitaka ya kumpelekea samli dada yangu aliyejifungua, akaniambia niioshe. Mimi nilijua kuosha vibuyu tu. Nikatia kokoto na maji, nikatikisa kwa nguvu. Ikapasuka, nikabaki na shingo mkononi, nalia.

Mama akacheka. “Umeilazimisha iwe kibuyu, imekataa! Hebu lete nione.”

Alikuwa mfinyanzi. Akafuata kwa kidole mshono wa kioo, ule mstari mwembamba uliopanda ubavuni ukaishia chini ya mdomo. “Mdomo huu umemaliziwa kwa mkono,” akasema, “kama ninavyomalizia chungu. Kumbe na huko kwao wanafinyanga!”

Shingo hiyo ninayo bado. Pitisha kidole kwenye yako. Mshono ukifika juu kabisa ya mdomo, ni kazi ya mashine, huenda ni ya baadaye. Ukiishia shingoni, njoo nayo tuilinganishe na ya mama kabla hujakubali bei.

Yetu niliivunja, yako ni nzima. Ifunge kwa kanga, uje taratibu.

Bibi yako