Matembele Machungu ya Kilimani

Mama yangu mpenzi,

Jambo sana, wewe na wote huko Mulongo. Hapa Kamina mvua imekatika majuma matatu na vumbi linaingia mpaka kitandani. Kazi yangu ni kuchuma majani ya mashambani, wenzangu wa maabara wapime yana nini ndani.

Jana nilichuma matembele kwa Mama Ngoie, mkulima mjane. Akanipikia sufuria mbili: moja ya majani laini ya mtoni, nyingine ya majani ya kilimani, madogo na mekundu.

"Ya kilima iko buchungu, mutoto yangu," aliniambia kwa haya. "Jua njo imeiharibisha. Minyi nitaing'oa yote. Weye kula hii ya mutoni."

Nikamega tonge la bukari, nikalichovya kwenye mboga ile chungu. Mama, machozi yalinitoka. Ni ladha ileile ya mwaka ule wa njaa, ulipokuwa ukitupakulia majani kama haya huku ukituomba radhi.

Nilimsihi asiyang'oe. Jani likipigwa na jua na kiu kiasi, hujitengenezea dawa za kujilinda, na dawa hizo, chungu kidogo, hutufaa hata sisi tunaolila. Kiu ikizidi ndipo jani hufa. Akacheka, akajipakulia.

Kwa hiyo, Mama, usituombe radhi tena kwa mboga zile. Ulitulisha vizuri kuliko ulivyojua. Laiti ungekuwa hapa, tukala sahani moja! Mungu akutunze mpaka nikukumbatie.

Mwanao,
Kabange